Siku Tatu za Kutafuta Moto Uliopotea

Pikipiki ikizima mbele ya duka, unaona haya tu. Ikizima katikati ya mbuga, mama yako amekaa nyuma, na tembo sita wanavuka barabara mbele yako, haya inatoka na woga inakaa kwa kiti chake.

Ilikuwa Jumanne, siku ya soko la mpakani. Kila Jumanne na Ijumaa nambeba mama kutoka Kasese mpaka Bwera, ananunua mawese na vitenge vya Kongo, anarudi kuuza nyumbani. Siku zingine pikipiki inabaki na mimi, napiga boda mjini. Lakini pikipiki ni ya mama. Aliinunua kwa mzee mmoja wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao, na hata siku hiyo ilikuwa imeshazeeka, inakohoa kuliko yule mzee. Baba yangu alikuja huku kutoka Kenya akifuata kazi ya simenti, na mpaka leo anaifanya. Ukimwuliza neno lolote la hiyo pikipiki anajibu, "Mimi huko sina kura."

Sasa hao tembo. Walikuwa mbali kidogo, wanavuka polepole kama watu wenye shamba. Mimi nina haraka yangu ya kuzaliwa nayo. Nikapiga honi.

Ndiyo. Niliwapigia tembo honi.

"Wee!" mama akasema sikioni. "Unawapigia honi unataka kuwabeba?"

Kabla sijajibu, pikipiki ikazima. Haikukohoa, haikuaga. Honi ikakatika katikati, na injini ikaifuata. Mbuga yote ikanyamaza. Tembo mmoja, wa nyuma, akageuka na kufungua masikio.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kimya.

"Acha kupiga hiyo kitu," mama akanong'ona. "Anafikiri unamtukana."

Tukakaa hapo. Mama alikuwa ananishika mbavu kama anatafuta ya kung'oa. Yule tembo akatuangalia mpaka akaona hatuna maana, akafuata wenzake. Walipopotea kwenye majani nikapiga kiki moja tu, pikipiki ikawaka, pu pu pu, kama haikufanya kitu.

Kutoka hapo mpaka Bwera mama hakusema neno. Mama akinyamaza, tafuta pa kujificha.

Bwera kuna mtu mmoja wa upande wa Kongo ambaye ananunua pikipiki zilizochoka. Anazifungua vipande vipande, anauza spea. Mama aliposhuka alienda kwake moja kwa moja, hata mawese hakuangalia kwanza. Yule mtu akaja, akaizunguka pikipiki yetu, akapiga tairi teke.

"Mama, leta tu hii mufupa yako," akasema. "Sisi tutaikula mpaka supu."

"Ijumaa," mama akamjibu. Halafu akanigeukia mimi. "Sikiliza. Ijumaa tunakuja nayo. Ikizima njiani, hata mara moja, inabaki hapa na huyu baba. Na wewe Jumatatu unaenda Karusandara kwa mjomba wako, unalima mahindi. Ikifika bila kuzima, inabaki yetu."

"Mama, hata mimi nazima nikilala."

"Wewe hakuna mtu anakununua."

Yule Mkongo alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka pia, lakini si sana. Karusandara naijua. Nilipelekwa huko mwaka mmoja nikakaa siku nne. Mjomba ananyamaza, mahindi yananyamaza, na jembe haina gia. Mtu kama mimi ukiniweka mahali pamoja nawashwa miguu. Ndiyo maana shule niliiachia msingi: mwalimu alikuwa hajui kama ananifundisha ama ananikimbiza.

Jumatano asubuhi nilifika mapema stejini, pale boda tunaposubiri abiria. Pale steji yetu kila mtu ni daktari wa pikipiki ya mwenzake.

"Ni plagi," mmoja akasema.

"Ni betri. Betri yake inajua vita vya zamani."

"Amerogwa. Juzi alichukua mteja wangu."

"Mteja wako alikukimbia kwa sababu ya harufu ya soksi," nikamwambia, na nikanunua plagi mpya.

Na plagi mpya ilifanya kazi! Asubuhi yote nilikimbia mji mzima, napanda, nashuka, nasimama pale ambapo sina hata mteja, nipige tu kiki na kusikia inawaka. Saa tano nikambeba sista mmoja wa kanisa, amekaa upande, mkoba kwenye magoti. Mbele ya soko mbuzi akaingia barabarani, nikapiga honi.

Pu. Kimya.

Kiki, kiki, kiki. Jasho. Sista akashuka polepole, akapanga nguo yake.

"Nitawaombea," akasema, "wewe na yeye." Alimaanisha pikipiki. "Lakini pale mbele nitamalizia kwa miguu."

Nikasukuma mpaka kwa fundi. Huyu fundi ni mzee wa Kiislamu, anafanya kazi chini ya bati karibu na soko, na kila ugonjwa wa umeme ana dawa moja. Anaiita dairekti. Swichi ikileta matata, anaikata, anaunga waya kwa waya, dairekti. Taa ikileta matata, dairekti. Nafikiri hata ndoa yake aliifunga dairekti.

"Moto wa umeme unakatikia kwa swichi ya ufunguo," akasema bila kuinama. "Hizi za zamani zote ndivyo."

"Mzee, una uhakika?"

"Kijana wangu, nilianza kazi hii wewe bado uko kwa mawazo ya Mungu. Shika hapa."

Nikashika. Akakata waya mbili za ufunguo, akaziunga, akafunga na kipande cha tyubu ya tairi, maana huku kwetu kila kitu tunafunga na tyubu. Plastiki ya dukani inayeyuka na jua, tyubu inakaa. Mguu wa kiti, kidonda cha waya, mzigo wa ndizi, yote ni tyubu.

"Imekwisha," akasema.

Ilikuwa imekwisha kweli. Niliwasha, nikazunguka, nikafika nyumbani kula, nikazungusha ufunguo nizime. Haikuzima. Nikautoa ufunguo kabisa, nikauweka mfukoni. Pikipiki inaendelea kuunguruma pale uani, inawaangalia kuku. Ikabidi nitie gia, nishike breki, niachie klachi, ndipo ikakufa kwa kuruka kama sungura.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria.

"Hiyo ndiyo imepona?"

"Iko na nguvu tu, mama."

Jioni, karibu na msikiti, ikazima yenyewe tena. Nikakaa chini kwenye mtaro. Nilikuwa na pikipiki ya kwanza duniani ambayo ukitaka izime inakataa, ukitaka iwake inakataa. Watu wanapita wananisalimia, siwajibu. Nilikuwa naona mahindi. Naona mjomba ananipa jembe bila kusema kitu.

Lakini pale mtaroni nikaona jambo. Kulikuwa kumeanza kupunguka mwanga, na nilikuwa nachezea breki ya mkono kwa hasira tu, nabana naachia, nabana naachia. Ufunguo hauna kazi tena, basi moto wa betri ulikuwa umewashwa muda wote. Kila nikibana, taa ya breki nyuma inatoa mwanga wa mgonjwa, na indiketa zote nne zinawaka kidogo. Kidogo tu, kama macho ya paka amekula. Lakini sikugusa indiketa! Breki inawashaje indiketa? Nikabonyeza honi. Honi ikalia kama mtu anaulizwa akiwa usingizini, na taa zote zikafifia.

Nilienda nayo nyumbani naisukuma, na hiyo jambo inanisumbua kichwani kama mbu.

Alhamisi niliamka kabla ya kuku kuacha kelele. Sikwenda stejini. Nikatoa kiti, nikatoa tangi ya petroli, nikaviweka kwenye mkeka uani. Nikachukua balbu ya indiketa niliyokuwa nayo ya akiba, nikaifunga waya mbili, mmoja kila upande. Hicho ndicho kipimo changu. Ukigusa pande mbili za betri na hizo waya, balbu inawaka. Ukiacha waya mmoja kwa betri, na mwingine ukagusa mahali pengine, inakwambia kama moto umefika hapo.

Siwezi kukaa kitako, hata kazi hii niliifanya nikizunguka. Nagusa, nazunguka, nakunywa chai, narudi, nagusa tena. Nikaanzia kwa betri: balbu ikawaka vizuri, nyeupe. Betri haina kosa, hao wa stejini waliisingizia. Nikafuata waya unaopeleka moto mbele mpaka kwa swichi ya mzee: nyeupe. Mpaka kwa honi: nyeupe. Kila mahali moto unakoenda, umefika. Nikarudi kukaa. Nikasimama.

Sasa fikiria kazi yangu. Mimi nikimpeleka mtu Katunguru, kazi haijaisha, lazima nirudi. Nisiporudi, kesho hakuna boda. Moto pia hivyo hivyo. Unatoka kwa betri na waya, unafanya kazi kwa taa, kwa honi, halafu unarudi nyumbani kwa kupitia vyuma vya pikipiki yenyewe, mpaka kwa waya mmoja mnene unaofunga chuma na betri. Huo waya unaitwa arthi. Sisi wote, mimi, steji, mzee wa dairekti, tulikuwa tunatafuta moto unaokwenda. Hakuna aliyeuliza unarudi na nini.

Nikashika waya mmoja wa balbu kwa upande wa moto wa betri. Mwingine nikaugusa kwa chuma cha pikipiki, pale panapong'aa kwa kukwaruzwa na buti yangu.

Balbu ikawa nyekundu. Nyekundu hafifu, kama sigara inayozimika.

Nikaruka. Kuku wakaruka. Mama akatoka mbio akafikiri nimeshikwa na umeme.

"Nini?"

"Hakuna kitu, mama. Salamu tu."

Moto ulikuwa unakosa njia ya kurudi! Ndiyo maana ukibana breki, moto ukifika kwa taa ya breki na kukosa mlango wa kutoka, unapita kwa indiketa kutafuta nyingine. Na honi ndiyo mlafi kuliko wote. Ukimpigia mbuzi honi, honi inaziba ile njia nyembamba iliyobaki, injini inakosa, inakufa. Nikaufuata ule waya wa arthi kwa kidole. Ulipita chini ya kiti, ukaingia chini ya pahali pa tangi, na hapo ulikuwa umefungwa na tyubu, safari saba, nane, mkazo wa mtu anayejua kazi. Nikakata tyubu na kisu. Nikaona bolti. Nikafungua bolti.

Chini ya bolti kulikuwa na rangi ya bluu.

Nikakaa chini kwa kweli sasa. Hiyo bluu naijua. Huku kwetu Krismasi ikikaribia, boda zote zinapakwa rangi upya, maana abiria wa sikukuu anachagua kinachong'aa. Na mimi Krismasi iliyopita nilikataa kumlipa mpaka-rangi. Nilitoa kila kitu mwenyewe, nikapaka bluu, nikapaka tena, nikapaka hata mahali ambapo jicho la mtu halitafika mpaka kiama. Nikapaka pale pa bolti. Halafu nikarudisha waya wa arthi juu ya rangi, nikakaza, nikafunga na tyubu, nikajiita fundi. Rangi haipitishi moto. Toka siku hiyo moto wetu ulikuwa unarudi nyumbani kwa kupenya meno ya bolti, siku unapata, siku unakosa, kulingana na mashimo ya barabara.

Na mimi miezi yote hiyo nimelaumu petroli ya magendo, nimelaumu mvua, nimemlaumu yule mzee wa mgodini kwamba alituuzia maiti.

Nikachukua msasa, nikakwaruza mpaka chuma kikatoka cheupe. Nikakwaruza pia mdomo wa waya. Nikakaza bolti mpaka spana ikalia. Nikagusa tena na balbu: nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho. Nikabana breki, indiketa zikanyamaza kama watu wenye adabu. Nikaufungua pia ule mkato wa mzee, nikarudisha waya za ufunguo kama za watu.

Mama akapita na ndoo. "Umepata?"

"Nimepata."

"Ilikuwa nini?"

"Mambo ya ndani, mama. Ufundi."

Akaniangalia mimi, akaangalia msasa, akaangalia vumbi ya bluu kwenye mkeka. Akaenda.

Ijumaa tukatoka. Unajua kitu kibaya cha ugonjwa wa kuja na kwenda? Hata ukiupata, hujui kama umeupata. Kila shimo nilikuwa naona bolti inafunguka. Kila lori likipita na kelele yake nilikuwa naweka sikio kwa injini, naikosa, naipata tena. Mama nyuma anaimba wimbo wa kanisani, na anaimba polepole kuliko injini, nikataka kumwambia ama aongeze mwendo ama anyamaze.

Tulipofika mbugani, karibu na pale pa Jumanne, akaacha kuimba.

"Piga honi," akasema.

"Mama, hakuna mtu."

"Mimi ni mtu. Piga."

Nikapiga. Honi ikalia, piiii, ndege wakaondoka kwenye mti. Injini inaenda. Nikapiga tena bila kuambiwa. Inaenda.

Hapo nikaanza kujiona mfalme. Na mfalme hukutana na kizuizi. Kabla ya Bwera wanajeshi walikuwa wamesimamisha watu, na mmoja, kijana kama mimi lakini na bunduki, akanyoosha mkono.

"Simama! Zima!"

Nikasimama. Sikuzima.

"Wewe! Husikii? Zima pikipiki!"

"Afande, naomba isizime."

"Nini?"

"Ikizima inauzwa, afande."

Akaniangalia kama anatafuta mahali pombe iliko. Akamwangalia mama. "Mama, huyu ni mtoto wako?"

"Wangu, afande. Kichwa ndiyo ya baba yake."

"Mwambie azime."

Nikageuka kumtazama mama, naye anatazama milima, ameniacha hapo katikati ya serikali na mahindi. Afande akachoka, akanyoosha mkono mwenyewe, akazungusha ufunguo, akautoa.

Kimya. Kimya ile ile ya tembo.

"Mama," nikasema haraka, "huyo ni afande amezima. Pikipiki haikuzima. Umeona kwa macho yako."

"Washa tuone," mama akasema.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikapiga ya tatu kwa nguvu yote ya Karusandara, na nikasikia watu wa kwenye foleni wanacheka.

Afande alikuwa ameinua mkono juu. Ufunguo unaning'inia kwenye kidole chake.

"Endelea," akasema. "Nataka nione itawakaje."

Alikagua mfuko wa mama, akakagua kibali changu, akachukua muda wake wote wa kijeshi. Halafu akanirushia ufunguo. Nikaingiza, nikazungusha, nikafumba macho, kiki moja.

Pu pu pu pu.

"Ondoka!" akasema afande, lakini alikuwa anacheka na yeye.

Yule Mkongo alitusubiri pale pale kwenye ukuta wake, spana tayari mkononi. Akaipanda, akawasha, akasikiliza. Akabana breki, akaangalia nyuma. Akapiga honi mara tatu. Uso ukabadilika.

"Eh, mama! Hii iko muzuri sana. Haiko ya kufungua tena, hii ya kupanda. Naongeza pale juu ya ile bei ya Jumanne." Akanigeukia. "Mutoto, pani ya kuizimisha ilikuwa wapi? Sema, na mimi nijue."

Ningeweza kusema koili. Ningeweza kusema swichi. Lakini mama alikuwa amesimama hapo na mikono kiunoni, na mimi siku tatu hizo nilikuwa nimechoka kukimbia.

"Kwa arthi," nikasema. "Kulikuwa na rangi chini ya bolti."

"Rangi? Mujinga gani anapaka rangi pale?"

"Wa Krismasi," nikasema. "Mimi."

Mama akaitazama ile bluu ya tangi. Halafu, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza samaki: "Toka Krismasi! Mimi nasimamishwa mbele ya tembo, natazamwa mpaka ndani ya roho, kwa ajili ya kung'aa?"

Watu wa soko walipenda hiyo sana. Mwanamke wa mawese akamwambia mama aniuze mimi abaki na pikipiki. Yule Mkongo akaona mlango umefunguka.

"Uza, mama. Mutoto kama ule atapaka ingine. Kesho atapaka plagi."

Mama akatazama pikipiki. Akanitazama. Nikashika usukani kwa mikono miwili.

"Nilisema ikifika inabaki," akasema mwishoni. "Imefika." Akamwambia Mkongo asamehe kwa kumpotezea asubuhi, akanipa vitungi vya mawese nifunge nyuma. Mimi nikafunga haraka haraka, kabla neno halijageuka.

Kurudi, jua limekuwa kali, vitungi vinatikisika. Tulipoingia mbugani injini ikakohoa. Mara moja. Halafu tena. Ikapoteza nguvu, na nikasikia mkono wa mama umenishika bega, vidole vyote vitano. Nikapapasa chini ya tangi, nikageuza ile bomba ya petroli iende kwa akiba. Ikakohoa ya tatu, ikakaza, ikaenda.

"Ni petroli tu, mama."

"Sijakuuliza," akasema.

Lakini mkono hakuutoa begani mpaka Kasese, na mimi sikuacha kusikiliza.